Picha, simu na kishikwambi katika kumfundisha mtoto mdogo mwenye ulemavu: maswali wanayouliza wazazi na walimu wa Mwanza

Maswali haya yanatoka kwa wazazi, walezi na walimu wa madarasa ya awali wa Ilemela, Nyamagana, Misungwi, Magu na visiwa vya Ukerewe. Mengi huulizwa pembeni, kikao kikishaisha, mzazi akiwa ameshabeba mtoto mgongoni na bodaboda inamsubiri. Hapa yamejibiwa kwa kirefu pale yanapostahili.

Mnaposema "msaada wa picha" mna maana gani hasa?

Ni kitu chochote ambacho mtoto anakiona na kinamsaidia kuelewa kinachoendelea, au kinamsaidia yeye kusema anachotaka. Neno likishatamkwa limepita, lakini picha inabaki pale pale, na mtoto anaweza kuirudia mara kumi bila kumwudhi mtu. Kwa mtoto mwenye usonji, ulemavu wa akili, Sindromu ya Down, au mwenye mtindio wa ubongo anayechelewa kuchakata anachosikia, sentensi kama "maliza uji uvae viatu twende tutachelewa" ni mzigo. Anatakiwa aisikie, aishike kichwani, aipange, kisha aitekeleze, na mama ameshaanza kusema jingine.

Aina zinazotumika zaidi kwa watoto wadogo ni ratiba ya picha inayoonyesha hatua za asubuhi au za darasani, ubao wa Kwanza–Kisha wenye picha mbili tu, ubao wa kuchagua ambapo mtoto anagusa picha ya anachokitaka, hadithi fupi ya picha inayomwandaa mtoto kwa jambo geni, na video fupi anayoiangalia ili aige. Zote zinaweza kutengenezwa kwa karatasi. Simu na kishikwambi vinaongeza mambo matatu: unapiga picha ya kitu chenyewe cha nyumbani kwako sasa hivi, unaweka sauti, na unabadilisha mara moja ratiba ikibadilika.

Haya si mambo ya wazungu tu? Yamethibitishwa?

Yamefanyiwa kazi kwa muda mrefu, tangu kabla simu za mkononi hazijakuwapo. Eric Schopler na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walijenga mfumo wao wa TEACCH juu ya wazo kwamba watoto wengi wenye usonji hujifunza vizuri zaidi kwa kuona, na mwaka 1972 mfumo huo ukawa huduma ya jimbo zima. Mwaka 1985 Andy Bondy na Lori Frost wakaanzisha PECS, ambapo mtoto anampa mtu mzima kadi ya picha ili apate anachokitaka. Ripoti ya mwaka 2020 kutoka chuo hicho hicho cha North Carolina iliorodhesha mbinu 28 zenye ushahidi wa kutosha kwa watoto na vijana wenye usonji. Misaada ya picha imo, na video za kuiga zimo.

Ila ushahidi huo ni wa mbinu. Haumaanishi kwamba lazima uwe na aina fulani ya simu au programu fulani ya kulipia. Mzazi akiniambia ameambiwa anunue kishikwambi cha bei kubwa ndipo mtoto afundishike, namwambia asubiri kwanza, atumie simu aliyonayo.

Mwanangu ana miaka mitano na haongei kabisa. Picha hazitamfanya mvivu wa kuongea?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalowafanya wazazi wengi wasianze.

Hapana. Mwaka 2006 Millar, Light na Schlosser walichapisha mapitio ya tafiti kuhusu watoto na watu wazima wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa njia mbadala za mawasiliano, zikiwamo picha na ishara. Katika kundi lenye ushahidi bora zaidi, watu 27, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi. Wengi wao waliongeza, ingawa kwa kiasi kidogo. Ukifikiri, inaeleweka. Mtoto ambaye hajawahi kuona kuwa mawasiliano yanaleta matokeo hana sababu ya kuhangaika na sauti. Akigusa picha, akasikia sauti ikisema "maji", na maji yakaja, ameshajua kwamba kuna kitu kinaitwa kuomba.

Kuna mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, mwanawe wa kiume alikuwa haongei. Simu yao imepasuka kona moja ya kioo. Waliweka picha nne: kikombe cha kijani cha mtoto, mpira wake, ndoo ya maji, na mgongo wa mama mwenyewe akiwa amefunga khanga. Kila picha ilikuwa na sauti ya mama. Mwanzoni mtoto alibonyeza zote mfululizo kwa kufurahia sauti, na mama akawa anaitika kila mara hata kama ni kwa funda moja la maji. Kisha asubuhi moja, mama akiwa anapima dagaa kwa sado, mtoto alipita katikati ya magunia, akamwekea simu mapajani, akabonyeza picha ya mgongo. "Nibebe." Wateja walisubiri, mama akambeba. Huko ndiko kuzungumza kunakoanzia, na kwa baadhi ya watoto neno la mdomoni hufuata baadaye. Kwa wengine halifuati, na bado wana haki ya kusema.

Nianze na picha gani?

Anza na anachokipenda sana. Walimu na wazazi wengi huanza na "kaa chini", "nyamaza", "acha". Mtoto akifungua macho anakuta picha zimekuja kumwamrisha, anazichukia siku hiyo hiyo. Picha ya kwanza imfanyie kazi yeye. Iwe ndizi, bembea, maji ya kuchezea, wimbo anaoupenda, au baba kumrusha juu.

Ya pili au ya tatu iwe "hapana" au "sitaki". Wazazi hushtuka nikisema hivyo. Mtoto asiye na njia ya kukataa atakataa kwa kuuma, kutupa sahani au kujigonga kichwa. Mpe namna ya kukataa ambayo watu wanaielewa, kisha iheshimu pale inapowezekana. Kama ni dawa na haiwezekani kukataa, usimwonyeshe ubao wa kuchagua wakati huo. Mwonyeshe Kwanza dawa, Kisha asali.

Nipige picha zangu mwenyewe au nichukue za mtandaoni?

Kwa mtoto mdogo, piga zako. Mtoto aliyezoea kikombe cha plastiki cha kijani anaweza asitambue kabisa kwamba glasi ya kioo inayong'aa ya mtandaoni maana yake ni "kunywa". Bakuli la uji lililopambwa kwa matunda ambayo hajawahi kuyaona halimwambii kwamba uji wa ulezi uko tayari.

Weka kitu kimoja juu ya shuka la rangi moja. Usitumie kitenge wala khanga yenye maua, kwa sababu mtoto anaweza kuangalia maua. Piga mchana karibu na mlango, mwanga ukitoka nyuma yako. Shusha simu hadi usawa wa macho ya mtoto, kwa maana yeye haioni meza kutoka juu kama wewe. Kwa mahali, kama shule au zahanati, piga kile anachokiona akifika, yaani geti la bluu, mti mkubwa au benchi la kusubiria. Bango la jina la shule halimsaidii.

Mtoto akishazoea picha halisi, unaweza kuhamia michoro. ARASAAC, hifadhi ya serikali ya jimbo la Aragon nchini Hispania, ina maelfu ya michoro inayopatikana bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Inafaa kwa maneno yasiyopigika picha, kama "subiri", "bado", "zaidi", "inauma". Ila utakosa sato, mtumbwi, na kibuyu chirizi kama unavyovijua wewe, hivyo utachanganya na zako.

Mtoto wangu hata picha haitambui. Anaigeuza geuza tu.

Rudi nyuma hatua moja, tumia vitu vyenyewe. Kijiko maana yake chakula, kipande cha sabuni maana yake kuoga, kiatu maana yake tunatoka. Mpe kitu hicho mkononi kabla tu ya tendo, kila mara. Baadaye weka kitu pamoja na picha yake, kisha picha peke yake. Wako watoto wanaokaa kwenye hatua ya vitu kwa muda mrefu, na hakuna ubaya.

Kabla ya yote hayo, hakikisha anaona na anasikia. Mtoto anayedhaniwa hana akili ameshakutwa mara nyingi ana tatizo la masikio au macho ambalo halikupimwa. Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na Bugando ni ya kanda nzima ya Ziwa. Omba rufaa kutoka zahanati yako.

Ratiba ya picha inatengenezwaje kwenye simu ya kawaida?

Huhitaji programu maalumu. Fungua albamu mpya kwenye picha za simu, iite Asubuhi, uweke picha kwa mpangilio: kuamka, choo, kunawa, uji, sare, viatu, bajaji, shule. Kwa mtoto anayeanza ziwe mbili au tatu, basi. Unaweza pia kutumia programu ya slaidi, picha moja kila ukurasa, na kwenye kila ukurasa ukarekodi sauti yako. Simu nyingi za Android zina uwezo wa kusoma maandishi kwa Kiswahili, lakini sauti ya mama au ya mwalimu anayempenda hufanya kazi vizuri zaidi.

Kosa linaloua ratiba nyingi ni mtu mzima kubaki nayo mwenyewe. Ratiba ni ya mtoto. Yeye ndiye aguse picha, aende akatende, arudi, apitishe picha inayofuata. Ukiona unasema "tazama uji, sasa tazama sare" huku umeshika simu mbali naye, bado unaamrisha kwa mdomo tu, picha imekuwa pambo.

Mwishoni mwa kila hatua kuwe na alama ya kumaliza. Kuna wanaohamishia picha kwenye albamu ya "Imekwisha", kuna wanaoigeuza iwe ya rangi ya kijivu. Watoto wengi wenye usonji hutulia sana wakiona kwa macho kwamba jambo limekwisha. Linalowatisha ni kutojua litaisha lini. Ndiyo maana saa ya kuhesabu muda, ile yenye duara la rangi linalopungua, inasaidia kuliko kusema "dakika tano", ambazo kwa mtoto wa miaka minne hazina umbo.

Na Kwanza–Kisha?

Picha mbili: kushoto kazi, kulia kitu anachokipenda. Kwanza kunawa, Kisha mpira. Sharti lake ni moja tu: Kisha lazima itimizwe, na mara moja. Ukiahidi mpira halafu ukasema "ngoja kwanza umalize na hiki", umeharibu ubao wote, na mtoto atakuwa sahihi kukataa kesho.

Video za kuiga ni zipi? Ni katuni?

Katuni hapana. Ni video fupi, chini ya dakika mbili, inayomwonyesha mtu akifanya jambo moja kwa usahihi. Mtoto anaiangalia, kisha anajaribu hapo hapo, na vifaa vikiwa mbele yake. Muigizaji anaweza kuwa kaka yake, mtoto mwenzake wa darasani, au mtoto mwenyewe baada ya kukatwa sehemu ambazo mtu mzima alimsaidia. Unaweza pia kushika simu kifuani ukionyesha mikono tu, kama vile mtoto ndiye anayefanya.

Chukua kunawa mikono kwa kibuyu chirizi. Mguu unakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachuruzika, mikono inalowa, sabuni inayoning'inia kwenye kamba inashikwa, mikono inasuguliwa, maji tena. Rekodi kwenye kibuyu chirizi kile kile cha shule yenu, bila maelezo mengi. Maneno machache kama "kanyaga… sabuni… sugua…" yanatosha. Usionyeshe kosa ili ukataze, kwa sababu mtoto anaiga anachokiona, likiwamo hilo kosa.

Video nyingine inayolipa haraka ni ya kusalimia. Mtoto wa Kisukuma asiyesalimia wakubwa huhesabiwa amekosa adabu, na mama yake huhesabiwa ameshindwa kulea. Rekodi binamu yake akimkaribia bibi, akiinama kidogo na kusema shikamoo, bibi akiitika marahaba na kutabasamu. Kwa mtoto asiyeongea, video ionyeshe kuinama na kutoa mkono, au kugusa picha yenye sauti. Kama bibi anasalimiwa "mwangaluka" asubuhi, rekodi hivyo hivyo. Namna hii bibi anapata salamu, mtoto anapata jibu na tabasamu, na siku inayofuata ana sababu ya kurudia.

Nyumbani tunaongea Kisukuma, shuleni Kiswahili. Sauti ya kwenye picha iwe ya lugha gani?

Iwe lugha anayosemeshwa na mtu aliye naye wakati huo. Picha haibadiliki, na huo ni uzuri wake mkubwa kwa familia zetu. Picha ya ziwa ni ile ile kwa bibi, mwalimu, na jirani Mkerewe au Mjita. Unaweza kuwa na albamu mbili zenye picha zile zile, moja ya sauti ya nyumbani na nyingine ya shuleni. Usiache lugha ya nyumbani kwa hofu ya kumchanganya mtoto.

Nina simu ya kitochi tu. Nimeachwa nje?

Hujaachwa. Omba mwalimu au ndugu mwenye simu janja apige picha nyumbani kwako, zichapwe duka la steshenari, ziwekwe laminesheni au zifunikwe kwa selotepu pana. Toboa kona, zifunge kwa kamba, uzitundike kiunoni au karibu na mlango. Ukipata utepe wa kunata kama ule wa viatu vya watoto, mtoto anaweza kubandua na kubandika.

Hata mwenye kishikwambi kizuri nampa ushauri huo huo: uwe na nakala za karatasi. Umeme hukatika, chaji huisha, simu huanguka majini. Mtoto ambaye sauti yake yote iko ndani ya simu, simu ikizima amenyamazishwa.

Je, inakula bando?

Picha na video ulizorekodi mwenyewe hazihitaji intaneti. Pakua programu mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha uhakikishe inafanya kazi data ikiwa imezimwa kabla ya kurudi kisiwani.

Mwanangu akishika simu anaenda moja kwa moja kwenye katuni, akinyang'anywa ni vita.

Tenganisha simu ya kazi na simu ya burudani. Simu ya zamani isiyo na laini, yenye kava la rangi tofauti na isiyo na katuni hata moja, hufanya kazi nzuri sana. Kama simu ni moja tu, ingia kwenye mipangilio ya usalama utafute sehemu ya kubandika programu. Ukibandika, na ukachagua idai namba ya siri, mtoto hatoki kwenye picha zake mpaka uiweke namba hiyo. Simu za iPhone nazo zina mpangilio wa aina hiyo.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 lilishauri watoto wa chini ya miaka miwili wasiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku, pungufu ni bora zaidi. Hilo linahusu kukaa na kutazama. Kugusa picha ya "maji" sekunde tatu na kwenda kunywa ni jambo tofauti, na simu anayoitumia mtoto kusema usimnyang'anye kama adhabu. Hakuna mtoto anayefungwa mdomo kwa sababu amemwaga uji.

Mtoto wangu ni kiziwi. Picha zinatosha?

Hazitoshi. Mtoto kiziwi anahitaji lugha kamili, na kwetu hiyo ni Lugha ya Alama ya Tanzania, mapema iwezekanavyo, yeye na familia yake. Picha zinasaidia kupanga siku na kuunganisha alama na neno lililoandikwa. Kwenye video, rekodi mtu anayejua alama vizuri, mikono na uso vionekane vyote, nyuma pawe na ukuta mtupu.

Na mtoto mwenye ualbino au uoni hafifu?

Kanda yetu ina watoto wengi wenye ualbino. Kwa Tanzania kadirio linalotajwa mara nyingi ni mtu 1 kati ya 1,400. Tatizo lao darasani ni macho: uoni hafifu na kuumizwa na mwanga mkali. Kishikwambi kinaweza kuwa msaada mkubwa kuliko ubao, kwa sababu mtoto anakuza maandishi na kukisogeza karibu atakavyo. Punguza mwangaza, weka mandhari nyeusi na maandishi meupe au ya njano, umkalishe asielekee dirishani. Akiweka uso karibu kabisa na skrini, mwache. Anaona vizuri hapo, na haharibu macho. Picha iwe na kitu kimoja, kikubwa, chenye rangi inayopishana sana na mandhari.

Kwa mtoto asiyeona kabisa, rudi kwenye vitu vya kugusa pamoja na sauti.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, vidole havilengi. Afanyeje na skrini?

Kwanza mkalishe vizuri. Mtoto anayepambana asianguke hana nguvu iliyobaki ya kulenga. Miguu iguse kitu, mgongo uegemezwe, kishikwambi kiinuliwe kwa pembe usawa wa kifua badala ya kulazwa mezani. Weka picha mbili kubwa kwenye skrini nzima badala ya kumi na mbili ndogo. Kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility) unaweza kuifanya simu isijibu mguso wa haraka wa bahati mbaya, ili isubiri mguso wa kudumu kidogo.

Kama mikono haifai kabisa, shika kadi mbili, moja kushoto na moja kulia, mbali na nyingine, uangalie macho yake yanakaa wapi. Usimshike mkono ukaupeleka kwenye picha unayodhani anaitaka. Hapo unakuwa unasema wewe.

Na subiri. Hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia swali. Kwa mtoto huyu, sekunde hizo ndizo anazohitaji kuupanga mkono wake, na sisi huzijaza maneno.

Kama ana kifafa, epuka video zenye mwanga wa kumeta meta, na umwulize daktari wake kuhusu skrini.

Naweza kumwandaa vipi kwa safari ya hospitali au kwa mabadiliko?

Kwa hadithi fupi ya picha, ya sentensi moja kwa kila picha, uisome naye jana yake na asubuhi ya safari. Namna hii ya kuandika ilienezwa na Carol Gray wa Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sentensi zieleze tu kinachotokea, bila kumtisha wala kumsimanga.

Familia za Sengerema zina mfano mzuri. Zamani, kwenda Bugando kulimaanisha kivuko: foleni, honi, maji pande zote. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, watu wazima walishangilia. Lakini mtoto mwenye usonji aliyejua kwamba njia ya hospitali inapita kwenye kivuko anaweza kupiga kelele darajani safari nzima, kwa kuwa kwake yeye njia imepotea. Hadithi yake iwe hivi: "Zamani tulipanda kivuko. Sasa gari linapita juu ya daraja. Maji yako chini. Tukivuka tutafika Kigongo. Kisha tutaenda kwa daktari. Mama atakuwa nami." Piga picha ya daraja kutoka ndani ya gari, maana ndivyo atakavyoliona.

Kwa mabadiliko ya ghafla, uwe na picha moja ya kudumu yenye maana ya "imebadilika", mshale au rangi ya kipekee. Mfundishe kwanza kwa mabadiliko mazuri, kwa mfano badala ya kulala, leo bembea. Asije akaijua picha hiyo kama habari mbaya tu.

Tunaishi ufukweni. Picha ya kukataza inaweza kumzuia asiende majini?

Inasaidia kumfundisha mpaka: picha ya maji yenye alama nyekundu, kamba au mawe yaliyopakwa rangi chini, na picha ya "shika mkono" wakati wa kuvuka hapo. Lakini watoto wengi wenye usonji huvutwa mno na maji. Usimwachie picha kazi ya ulinzi. Jicho la mtu mzima libaki hapo muda wote.

Mwalimu: nina watoto wengi darasani na kishikwambi kimoja. Inawezekana?

Inawezekana ukianza na ratiba moja ya darasa zima. Baada ya Sensa ya 2022 serikali iligawa vishikwambi kwa walimu wa shule za umma, na vingi vinatumika kwa taarifa za ofisini tu. Piga nacho picha za shughuli za siku, uzichape kubwa na kuzitundika kwa mstari ukutani. Watoto wote watazitumia, hata wasio na ulemavu, na yule anayezihitaji zaidi hataonekana wa ajabu. Kishikwambi chenyewe mwachie mtoto anayekihitaji ili kusema.

Wewe nawe uguse picha unapoongea. Ukisema "sasa tunaenda kula", gusa "kula". Mtoto anajifunza lugha ya picha kwa kuona wengine wakiitumia, sawa na anavyojifunza kuongea kwa kusikia. Wafundishe pia watoto wenzake. Rafiki wa miaka sita anayejua kusubiri jibu ana thamani kubwa darasani.

Kupiga picha watoto si kuvunja sheria?

Omba ridhaa ya mzazi kwa maandishi, ueleze picha itakaa wapi na nani ataiona. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtoto ni taarifa yake. Picha za chooni na kuoga zipigwe bila mtoto: choo kitupu, beseni, sabuni. Video ya darasani isiingie kwenye kundi la WhatsApp wala status, hata kama ni ya kufurahisha.

Nyumbani wanasema mtoto amelogwa, au napoteza muda.

Ninajua maneno hayo yanavyouma, hasa yakitoka kwa wakwe. Wapo watoto wanaofungiwa ndani kwa sababu hiyo. Ulemavu huu hautokani na uchawi wala na kosa la mama. Usibishane sana, waonyeshe. Siku mtoto atakapomgusia babu yake picha ya "njoo", babu atakuwa na la kufikiri.

Na sheria iko upande wako. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma. Shule ikisita kumpokea, muulize Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yako, kwa upole lakini bila kuondoka mikono mitupu.

Januari anaingia darasa la kwanza kwa mwalimu mpya. Picha zake zinaenda naye?

Ziende zote, za kwenye simu na za karatasi. Mapema, tangu Novemba, omba nafasi ya kumpeleka mtoto aone darasa, umpige picha mwalimu mpya kwa ruhusa yake, mlango, choo, na mahali pa kunawa, uziingize kwenye albamu ya nyumbani ili azione likizo nzima. Mwandikie mwalimu ukurasa mmoja: picha anazozielewa tayari, anavyosema ndiyo, anavyosema hapana, kinachomtuliza, na muda anaohitaji kujibu. Kama anatumia simu kusema, kubalianeni mapema itakaa wapi, nani ataichaji, na kwamba itakuwa karibu na mkono wake hata wakati wa mapumziko, kwa sababu uwanjani ndiko atakakotaka kumwambia mwenzake "tucheze".